Miaka tisa ya kumrudisha Recheli Ipole

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Imakulata Kapela anafagia mchanga.

Uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Ualimu Kazeh, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni wa saruji, na upepo wa Juni huumwagia mchanga kila usiku. Mchezaji akikanyaga mchanga huo huku anageuka, mguu huteleza na goti hubaki. Kwa hiyo yeye huanza na fagio, kutoka goli moja hadi jingine, kwa mistari iliyonyooka kama mtu anayepanga matuta ya viazi.

Akimaliza, anaweka kreti tupu la soda kwenye mstari wa pembeni na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wachezaji kumi na wawili, wote wanachuo wa kike, wanajipanga mbele yake. Kila mmoja anapandisha mguu juu ya kreti. Imakulata analishika goti kwa viganja viwili, anaagiza likunjwe, linyooshwe, kisha anaandika kwenye kaunta buku. Mpira hautoki stoo kabla magoti hayajaisha.

"Madam, leo naweza?" anauliza Zamda, mfupi kuliko wenzake na mwepesi wa maneno.

"Sijui. Lete goti."

"Jana ulilishika, ukasema sijui."

"Na kesho nitasema sijui. Kunja."

"Siku Madam akisema anajua," anadakia Nihal kutoka nyuma ya mstari, akijifunga vizuri ushungi wake, "mimi nahamia netiboli."

Wanacheka. Imakulata hacheki, lakini haonyeshi kuudhika pia. Anaita anayefuata.

Wa mwisho ni Yustina Emilian, miaka 20, urefu wa futi sita na inchi moja. Goti lake linashikwa muda mrefu kuliko mengine. Amefanya mazoezi na timu kwa zaidi ya miezi saba, lakini hajawahi kusafiri nayo. Baada ya siku kumi na moja, timu itapanda treni kwenda Kigoma kwenye mashindano ya kanda ya vyuo. Katika orodha ya safari, majina kumi na moja yameandikwa kwa kalamu ya wino. La Yustina limeandikwa kwa penseli.

"Hawa wengine wazazi wao wamenipa," anasema Imakulata. "Huyu mama yake hajanipa. Na ana haki."

Imakulata ana miaka 43. Amekuwa kocha msaidizi wa timu hii kwa miaka kumi na mitatu, chini ya makocha wakuu watatu. Kazi aliyoajiriwa nayo ni ya kutunza stoo ya chuo, yenye mshahara wa Sh420,000 kwa mwezi. Ukocha humpa posho ya Sh70,000, na hiyo hutoka katika miezi mitano tu ya msimu. Anaishi Kitete, vyumba viwili vya kupanga, pamoja na binti yake Tunu, miaka 16, ambaye hapendi mpira wa kikapu.

Hakusomea kazi hii. Alicheza akiwa sekondari, akafika chuoni mwaka 2009 kama mtunza stoo, na katika kuhesabu mali akakuta mipira mitatu iliyopasuka pamoja na kitabu cha sheria za mchezo kisicho na jalada. Mipira aliiziba. Kitabu alikisoma kwa mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, akinakili kwenye daftari yale asiyoyaelewa ili amuulize mtu. Jioni alikuwa anasimama pembeni ya uwanja akitazama. Mwaka 2012, kocha mkuu wa wakati huo alimwambia aingie ndani ya mstari.

"Alinikabidhi filimbi na funguo za mabweni siku moja," anakumbuka. "Nikamuuliza, za mabweni za nini? Akasema, wasichana hawa wanatoka majumbani kwa watu, nitakuwa namtuma nani?"

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ya kazi yake ambayo watazamaji hawaioni. Kabla ya kila safari, Imakulata huenda nyumbani kwa kila mchezaji kumwomba kwa wazazi wake. Haendi na barua. Anakwenda mwenyewe, anaketi anapoambiwa aketi, anataja siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Mzazi akikubali, humshika binti mkono na kuuweka katika mkono wa Imakulata. Safari ikiisha, yeye huurudisha mkono huo kwa mtu yuleyule, mlango uleule.

Gongoni, karibu na maduka ya katikati ya mji, bibi yake Nihal anaikumbuka vizuri ziara ya mwaka jana. Ni Bi Fakhria, miaka 71, mjane wa mfanyabiashara, ambaye ukoo wake umeuza nguo Tabora tangu enzi za misafara.

"Aliniamkia, nikamwambia marahaba, kaa," anasema akimimina kahawa. "Nikamuuliza, huko wanakolala, mlango unafungwa kwa komeo au kwa kitasa? Akasema hajui. Nikamwambia nenda kaulize, kisha urudi."

"Alirudi?"

"Kesho yake. Komeo." Bi Fakhria anasukuma kisahani cha tende. "Nikampa mjukuu wangu. Mtu asiyejua akasema hajui, huyo unaweza kumpa mtoto."

Kocha mkuu wa sasa, Murtadha Hamdun, ni mwalimu wa hisabati mwenye miaka 36. Alipofika chuoni mwaka 2019, hakumwelewa msaidizi wake.

"Mechi ya kwanza, mchezaji akaanguka. Nikamuuliza, anaweza? Akanijibu, sijui, ngoja nimshike. Saa inakwenda, tuko nyuma, yeye ameshika goti kama anasikiliza redio. Niliudhika. Nikasema moyoni, nimepewa msaidizi gani huyu?"

Sasa huwa anangoja. "Tumefungwa mechi mbili kwa sababu ya kungoja," anasema. "Lakini miaka sita sijampeleka mchezaji hospitali kwa goti. Sikuwahi kumuuliza alianza lini kufanya hivi. Wanachuo waliniambia ni mambo ya Kigoma."

Mambo ya Kigoma ni ya Juni 2016.

Mwaka ule timu ilikuwa na Recheli Emilian, miaka 20, binti wa mfuga nyuki wa Ipole, wilayani Sikonge. Imakulata alifunga safari hadi kwao, akaomba, na mama yake akampa mkono wa binti yake. Katika fainali huko Kigoma, robo ya pili, Recheli aliruka kudaka mpira uliogonga ubao, akaangukia mguu wa kulia. Alitoka akichechemea na kukaa kwenye benchi. Imakulata alimfunga bandeji.

Robo ya nne ilipoanza, Kazeh walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Kocha mkuu, ambaye sasa amestaafu, aligeuka akauliza neno moja: "Anaweza?"

"Nilitazama ubao wa matokeo kabla ya kumtazama yeye," anasema Imakulata. "Nikasema, anaweza."

Recheli alicheza dakika nne. Katika ya tano aligeuka kupiga pasi, na goti halikugeuka naye. Timu ilishinda kwa pointi moja. Kombe liko stoo hadi leo, na kila mwisho wa muhula Imakulata hulifuta vumbi na kuandika kwenye orodha ya mali: kombe, moja.

Daktari alisema kano ya ndani ya goti imekatika. Upasuaji ungefanyika mbali, kwa fedha ambazo chuo hakikuzipata na familia haikuwa nazo. Ilibidi Recheli arudishwe nyumbani kupumzika hadi Septemba.

Imakulata alimsindikiza kwa basi mpaka stendi ya Sikonge. Hapo alikuwapo Raymundi, kaka yake Recheli, na pikipiki. Ilibaki sehemu ya mwisho ya safari, hadi Ipole. Imakulata alimwambia Raymundi kwamba ana kazi chuoni, akampa begi na karatasi za hospitali, akapanda basi la kurudi Tabora. Recheli aliondoka ameshikilia mgongo wa kaka yake, mguu umenyooshwa pembeni na kufungwa kanga.

"Kazi chuoni haikuwapo," anasema. "Niliogopa uso wa mama yake. Hakuna sababu nyingine."

Septemba ilifika, Recheli hakurudi chuoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu.

Imakulata hakwenda Ipole tena. Kila mwaka alipanga kwenda, na kila mwaka alipata sababu. Kisha Oktoba iliyopita, katika kugawa magodoro kwa wanachuo wapya, alisoma jina kwenye orodha, akainua macho na kumwona msichana mrefu aliyesimama kama dada yake alivyokuwa akisimama, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Alijua mimi ni nani," anasema. "Aliniamkia tu, akachukua godoro."

Yustina anasema alikuja kusoma, si kucheza. "Nilikaa wiki tatu napita mbali na uwanja. Halafu siku moja mpira ukanifuata mpaka miguuni. Nikaurudisha. Kocha Murtadha akaniuliza una urefu gani."

"Na dada yako alisemaje?"

"Alisema nicheze. Mama hakusema kitu. Mama akinyamaza, ndiyo amesema."

Mwezi Mei, Imakulata alipiga simu Ipole. Baba, Mzee Emilian, alipokea. "Mimi sina neno," alimwambia. "Lakini aliyekaa mlangoni akingoja ni mama yao. Zungumza naye." Simu ikabadilisha mkono. Mama aliuliza jambo moja: "Mwalimu, wa kwanza sijarudishiwa. Unaomba wa pili?" Kisha simu ikakatwa.

Jumamosi ya Juni 14, Imakulata alipanda basi la asubuhi.

Huko Ipole, huu ni wakati wa kuchambua tumbaku. Mbele ya nyumba nyingi majani makavu yametandazwa juu ya maturubai, na harufu yake hufika barabarani kabla ya mabani ya kukaushia kuonekana. Imakulata hakwenda moja kwa moja kwa Mzee Emilian. Alishuka karibu na maduka, kwenye chumba chenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, anakoshona nguo Recheli.

Recheli sasa ana miaka 29, ameolewa na ana watoto wawili. Cherehani yake hukanyagwa kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia ameunyoosha pembeni juu ya kigoda. Alimtazama mgeni wake kwa muda, kisha akakata uzi.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Recheli. Nimekuja kukurudisha nyumbani."

Recheli alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Miaka tisa? Ungechelewa kidogo ungenikuta bibi wa watu."

"Najua."

"Kwetu ni pale, nyumba ya nne. Naenda kila siku."

"Najua. Lakini hujapelekwa."

Recheli aliacha kucheka. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akatoa mkono.

Walitembea polepole, kwa sababu goti la Recheli halikunji vizuri, na watu waliokuwa wakichambua tumbaku waliinua vichwa. Mama yao, Leokadia, miaka 58, alikuwa juu ya turubai na majani mapajani. Aliwaona wakiingia uani wameshikana mikono. Hakusimama. Aliendelea kuyapanga majani, ya manjano upande mmoja, ya kahawia upande mwingine.

Imakulata alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwaka 2016 ulinipa mkono wa Recheli hapa mlangoni. Nimeurudisha. Simrudishi kama nilivyomchukua."

"Hilo naliona kila siku, mwalimu."

"Kuna usilolijua. Aliumia mara ya kwanza, akakaa. Kocha akaniuliza kama anaweza kurudi uwanjani. Mimi ndiye niliyesema anaweza. Sikumshika goti. Nilitazama pointi."

Recheli aligeuka kumtazama. Kwa miaka tisa alikuwa akidhani uamuzi ulikuwa wa kocha mkuu.

"Hukuniambia," alisema.

"Sikukwambia."

Mama aliweka majani pembeni, akapangusa mikono kwenye kanga. "Aliingia hapa kwa pikipiki kama gunia," alisema bila kupandisha sauti. "Nikamuuliza Raymundi, yuko wapi aliyemchukua? Akasema amerudi Tabora, ana kazi. Mwalimu, bibi yangu alituhesabia watu wa ukoo huu waliochukuliwa kubeba mizigo, wakapita njia ile kwenda Ujiji. Wako ambao mpaka bibi anakufa hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Ndiyo maana kwetu mtoto akitoka anakabidhiwa, na akirudi anakabidhiwa. Hata akirudi amekufa, anakabidhiwa. Wewe uliniachia mtoto stendi."

"Ndiyo, mama."

"Miaka tisa nimemhesabu kama aliye njiani, na kutwa yuko nyumba ya nne."

Recheli ndiye aliyesogea kwanza. Alijishusha kwenye turubai kwa shida, akanyoosha mguu mbele ya mama yake. Mama aliweka kiganja juu ya goti lile, akakiacha hapo. Kisha akamgeukia Imakulata na kuuchukua mkono wa binti yake kutoka mkononi mwake.

"Nimempokea," alisema.

Kuhusu Yustina hakusema kitu. Alileta ugali na kisamvu, wakala watatu. Imakulata alipoinuka kuaga ndipo mama alipouliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Huyu mdogo akianguka huko Kigoma?"

"Anakaa."

"Akisema hajaumia?"

"Namshika mwenyewe."

"Na kocha akikuuliza anaweza?"

"Nitasema sijui. Huwa nasema sijui."

Mama alirudi kwenye tumbaku yake. "Nenda salama," alisema. "Mimi simtumi mtu stendi. Nikiwa na jibu nitalileta."

Wiki nzima halikuja. Murtadha alianza kumfundisha Zamda kusimama chini ya goli, na Zamda, ambaye kichwa chake kinafika kwenye kifua cha Yustina, alilalamika kwamba anatafutiwa aibu ya bure. "Kocha, huko juu mimi nitafika kwa ngazi?" Yustina aliendelea kuja mazoezini na kuweka goti lake mwisho wa mstari. Jina lake lilibaki kwa penseli.

Jumamosi ya Juni 21, saa tatu asubuhi, wanawake wawili walionekana wakija kutoka barabarani, mmoja akichechemea. Mama hakumsalimia Yustina kwanza. Alikwenda hadi kwenye kreti la soda, akalitazama, akauliza hilo ni la nini, akajibiwa ni la magoti. Akamwita Yustina aweke mguu. Imakulata alikaa juu ya ndoo na kulishika goti mbele yao wote, kama anavyofanya kila siku, akaandika.

"Linasemaje?" mama aliuliza.

"Leo halina neno. Kesho sijui."

Mama aliuchukua mkono wa Yustina na kuuweka katika mkono wa Imakulata.

"Mlango unaujua," alisema.

Recheli alikuwa ameketi kwenye benchi. Hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu 2016. Alipoulizwa kama amemsamehe kocha wake, aliunyoosha mguu wake wa kulia.

"Ameleta aliloweza kuleta," alisema. "Goti hakuweza. Mengine nitayaona taratibu."

Jumatatu, siku moja kabla ya safari, Imakulata yuko stoo akihesabu jezi. Mezani kuna kaunta buku mbili, moja mpya, moja ya mwaka 2016 iliyoliwa pembe na panya. Zote zimepigwa mistari kwa rula, safu tatu: amechukuliwa lini, kwa nani, amerudi lini. Katika ile ya zamani, mstari wa Recheli ulikuwa na safu ya tatu tupu. Sasa imejazwa: 14 Juni 2025, Ipole, mlangoni.

Katika ile mpya, jina la Yustina limeandikwa upya kwa wino. Safu yake ya tatu haina kitu.

Anaulizwa kama anatarajia ushindi Kigoma. Anasema vyuo vinane vinakwenda na kila kimoja kinafanya mazoezi. Kombe likija, anasema, litapata nafasi kwenye rafu. Anachokitumaini yeye ni kuijaza safu ile.

Timu itarejea Tabora Juni 30. Basi la Ipole la asubuhi ya Julai mosi ameshalikatia tiketi: mbili za kwenda, moja ya kurudi.